Siku Tatu Mezani

Nyie vijana mna mambo. Mlianza kwa kutucheka sisi na maredio yetu makubwa, mkayaita makabati ya mende. Sasa naona mmegeuka. Mnazisaka stirio zile zile kwenye stoo za babu zenu, mnazipangusa, mnazipiga picha, halafu zikikataa kulia mnakumbuka kwamba kuna mzee huku Mirongo, Mwanza, anaitwa Fundi Shabani. Shikamoo zenu za ghafla nazijua. Marahaba.

Juzi mmoja wenu kaniletea picha kwenye simu. Transista imeungua, eti nimwambie kwa kuitazama iliungua kwa sababu gani. Mimi si mganga, bwana. Lakini nimeona niandike, maana macho yanakwenda na mikono imeanza kutetemeka, na swali lenu ni lile lile kila siku: taa inawaka, sauti haitoki, transista ya pawa saplai imekufa, mzee, tunaibadilishaje?

Nitawaambia. Ila mtanivumilia, kwa sababu mimi siwezi kuitaja transista ya pawa saplai, ile inayolisha redio nzima umeme, bila kumtaja mwenzangu Ndaki, na nikimtaja Ndaki lazima niseme jambo nililolificha zaidi ya miaka thelathini. Kama mnataka transista tu, nendeni kwenye simu zenu huko, kuna Wahindi na Warusi wanafundisha vizuri kuliko mimi.

Haya. La kwanza, chomoa waya ukutani. Mnacheka? Mimi mwaka wangu wa kwanza nilisahau, nikarushwa mpaka kwa fundi saa tuliyepakana naye, nikaangukia kwenye meza yake na saa za watu zikatawanyika sakafuni. Fundi saa yule hakunipa pole. Aliniambia tu, "Shabani, saa ngapi sasa?" Na ukishachomoa waya bado hujapona, maana zile kapasita kubwa, zile zilizosimama kama makopo, zinabaki na umeme wake ndani. Kapasita ina kinyongo. Unaweza kunywa chai ukarudi, ukaigusa, ikakukumbusha. Itoe umeme kwanza kwa rezista, kile kijiti cha kupunguza umeme, taratibu, ndipo uingize mkono.

Hayo nilifundishwa na Mzee Ramadhani, Mungu amrehemu. Alikuwa na duka la ufundi hapa hapa Mirongo, mlango mmoja, benchi moja refu, na mafundi wawili: mimi na Ndaki. Mimi mama yangu Mkerewe, baba Mmanyema, nimezaliwa mjini na mdomo wa mjini. Ndaki Msukuma wa Magu, mrefu, mkimya, mikono mipana ya mtu aliyechunga ng'ombe. Ukiiona mikono ile ungesema hawezi kushika hata sindano. Lakini akishika chuma cha kulehemu, tone la lehemu linakaa pale alipotaka, linang'aa, halizidi wala halipungui. Mimi langu lilikuwa kama ugali uliokosa mwiko. Alikuwa anasema "ledio," na mimi nikimtania kwa hilo kutwa nzima. Yeye akinijibu, "Wewe Mkelewe unasema ledio vizuri, lakini mbona zako zinaludi?" Na kweli zilikuwa zinarudi.

Tulikuwa tunakula sahani moja mchana. Samaki wa kwake alikuwa anamtoa miiba kwanza ndipo ananisogezea, kwa sababu mara moja nilikwamwa na mwiba akaogopa kuliko mimi. Ndivyo alivyokuwa.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Butimba aliyeleta redio imekufa kabisa, akatushika mikono wote wawili akasema, "Wanangu, tengenezeni, lakini msinibadilishie mtangazaji wangu wa asubuhi, nimemzoea." Mimi nilicheka hadi nikatoka nje. Ndaki hakucheka. Akamjibu, "Hatutamgusa, bibi, tutafanya kazi upande wa nyuma." Bibi akaondoka ameridhika. Siku ya kuichukua alituletea maboga mawili.

Sasa sikilizeni kanuni za duka, maana ndiko kunako msiba wangu. Mzee Ramadhani alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, fundi anayeifungua redio mara ya kwanza anaandika jina lake kwa penseli ndani ya kifuniko, ili ikirudi na ubaya ijulikane ni mgonjwa wa nani. Ya pili, redio iliyotengenezwa pawa saplai haitoki dukani mpaka icheze siku tatu mezani. Asubuhi unaiwasha, jioni unaizima, hivyo hivyo mpaka siku ya tatu, unaweka mkono kwenye lile bati nene la kupozea transista. Ukihesabu mpaka kumi na mkono bado upo, imepona. Ukishindwa, fungua upya. Mteja akipiga kelele, Mzee alikuwa anamwambia, "Mgonjwa wa kupasuliwa hatoki hospitali siku hiyo hiyo akacheze ngoma."

Na kuna kitu kidogo lazima mkijue, la sivyo hamtaelewa. Transista ya pawa saplai inapata moto, kwa hiyo inabanwa kwenye bati lile la chuma. Lakini mwili wake una umeme, na bati limeungana na boksi zima. Vikigusana, ni shoti. Kwa hiyo katikati yake unaweka kijikaratasi kigumu, chembamba, kinachong'aa, kinaitwa maika. Kinapitisha moto, hakipitishi umeme. Ukiivunja maika, simama. Usiendelee na kazi mpaka upate nyingine. Nimeandika "simama" kwa mkono wangu mwenyewe, na mtaona kwa nini.

Siku hiyo ililetwa stirio ya bwana mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa. Ya Kijapani, uso wa aluminiamu, kioo cha namba kinawaka kijani, pembeni mbao. Nzito, ukiibeba peke yako unaanza kumtaja Mungu. Ndaki akaifungua, akaandika jina lake kifunikoni, akaikuta transista ya pawa saplai imekufa. Alikuwa na usemi wake: "Tlansista haijiui. Mtafute aliyeiua." Wengine tulikuwa tunabadilisha na kufunga. Yeye alikuwa haondoki mpaka ajue. Akatafuta, akakuta kapasita iliyokauka, akaibadilisha, akatia transista mpya. Lakini maika ya zamani ilikuwa imepasuka, na mjini hapa wiki ile maika hakuna. Akaagiza kwa mtu anayetoka Nairobi. Kabla haijafika, ikaja habari kwamba mama yake anaumwa Magu. Akaondoka, ameiacha stirio wazi mezani, transista inaning'inia. Aliniambia kwa mdomo wake: "Shabani, usiifunge. Bado maika."

Mzee Ramadhani naye alikuwa Bukoba kwenye mazishi. Nikabaki mimi na duka, na kichwa kimevimba kwa ufundi mkuu. Alhamisi asubuhi mwenye stirio akaingia, anaoza binti kesho yake, wageni wameshaanza kufika, muziki hakuna. Akanisifu. Akasema, "Nasikia wewe ndiye fundi hasa hapa, yule mwingine mzito." Vijana, sifa ni sumu. Mimi nilikuwa navuta sigara siku hizo. Nikachukua ile nailoni nyembamba inayofunika pakiti ya sigara, nikaikata kwa mkasi umbo la maika, nikaiweka, nikaibana transista, nikafunga. Mafundi wengi wa mjini walikuwa wanafanya hivyo kwenye viredio vidogo, na vilikuwa vinadumu. Nikaiwasha. Ikalia vizuri ajabu. Baada ya saa moja nikambebea mpaka kwenye gari lake.

Nailoni haiwezi moto. Ikipata joto inalainika, inayeyuka kidogo kidogo. Ingekaa siku tatu mezani ingeyeyukia mezani, mbele yangu, ningeaibika peke yangu na ingekwisha. Ikayeyukia harusini. Ilicheza kwa muda wa saa mbili hivi, watu wameshaingia uwanjani, ikatoa moshi, moto ukashika pazia la nyuma. Mama wa bibi harusi alivuta waya kwa mkono, akaungua kiganja. Pazia likazimwa kwa maji ya kunawa. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini binti wa watu aliolewa huku mama yake anapakwa dawa.

Jumatatu Mzee Ramadhani amerudi, Ndaki amerudi, stirio imetupwa juu ya benchi, nyeusi upande mmoja. Mzee akafungua kifuniko. Akasoma jina.

"Ndaki, hii ni kazi yako?"

"Mzee, niliifungua mimi. Sikuifunga. Niliiacha bado maika."

Mzee akanigeukia mimi. "Shabani. Nani aliifunga?"

Nilikuwa na umri wa mtu mzima, nina mke. Msije mkasema ni utoto. Nikasema, "Mzee, mimi niliikuta imefungwa. Nikajua siku tatu zimetimia, nikaitoa."

Hivyo tu. Niliyasema bila kukohoa. Ndaki alinitazama, si kwa hasira, ningependa iwe hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Nikatazama chini. Mpaka leo sijui kwa nini hakunipigia kelele. Labda alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nilikuwa na nafasi ile asubuhi yote, na mchana, na sikuitumia.

Mzee alimtoa kazini. Mzee wetu yule, moto uliotokana na uzembe ulimkera kuliko wizi. Akampa mwenye duka la vitambaa stirio yake mwenyewe kutoka nyumbani kufidia, na lile boksi lililoungua akamsukumia Ndaki: "Ondoka na mgonjwa wako." Ndaki akaliinua begani, akatoka nalo kuelekea stendi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, najifanya nafuta mlango.

Alikwenda ng'ambo ya ziwa, Busisi, akafungua kibanda karibu na kivuko. Akatengeneza tochi za wavuvi, viredio vya abiria, baadaye simu. Alioa huko, akazaa huko. Mimi nikabaki na benchi lote. Mzee alipozeeka akaniachia na duka. Watu wakaniita fundi mkuu wa Mirongo, na nikaitika.

Mkiniuliza mbona sikumfuata, nilikuwa na jibu zuri: kivuko. Mpaka ufike Usagara, uteremke Kigongo, usubiri zamu, uvuke, urudi, siku imekwisha, na mimi nina wateja. Miaka ilikwenda kwa jibu hilo. Mara moja nilivuka kwenda Geita kwenye msiba wa shemeji yangu. Gari liliposhuka upande wa Busisi nikamwona, amekaa kibandani ameinama juu ya redio ya mtu, kichwa kimeshaota mvi. Gari lilisimama mbele yake kabisa, watu wananunua mahindi. Ningefungua mlango ningekuwa mbele yake kwa hatua tano. Nilishusha kofia usoni, nikajifanya nimelala. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Ramadhani akafa bila kujua. Nilimwosha kwa mikono yangu, na sikumwambia.

Halafu likaja daraja, kutoka Kigongo mpaka Busisi. Mmeliona wenyewe. Watu walishangilia, waliimba, wengine walivuka kwa miguu kwenda na kurudi kwa raha tu. Mimi siku ile nilikaa ndani. Kisingizio changu kilikuwa kimekwisha.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka huu. Asubuhi moja akaja mwanamke hapa barazani, amebebesha boda kitu kikubwa kimefungwa kitenge. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba mdogo. Mimi Mbuke, mtoto wa Ndaki wa Busisi."

Nikaitikia, nikamvutia kiti.

"Baba kapooza upande wa kulia, mwezi wa nne sasa. Maneno yanatoka machache. Redio yake imezimika, na bila redio halali wala hali vizuri. Tulitaka kuita fundi wa kule kule, akakataa. Anasema Shabani. Sisi hatukumjua Shabani. Mama ndiye aliyekumbuka kuna rafiki yake Mirongo, mlikuwa mnakula sahani moja."

"Alisema hivyo? Rafiki?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Aliwahi kuwaambia kwa nini alihama Mwanza?"

"Anasema alichoka kelele za mjini."

Nikafungua kitenge. Kioo cha kijani, mbao pembeni. Upande mmoja wa mbao ulikuwa mpya, umerandwa na kupakwa rangi ifanane. Alilitengeneza boksi lile, akaishi nalo miaka yote.

Mbuke alipoondoka nikafungua kifuniko. Jina lake lilikuwa pale pale, penseli imefifia. Na chini yake, amebandika kwa gundi bahasha ndogo ya kaki. Ndani ya bahasha mna maika mbili mpya, na kikaratasi, mwandiko wake ule wa kulala: "Kwa fundi atakayefungua baada yangu. Maika ni shida kupata."

Vijana, nililia. Mke wangu alitoka jikoni akadhani nimepigwa na umeme.

Basi niwafundishe mnavyotaka kufundishwa, maana nilifanya kazi ile kuliko kazi yoyote maishani. Niliunga taa ya balbu, ya zamani ile ya kuwaka moto, katikati ya waya wa umeme na stirio. Fanyeni hivyo daima. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka sana na stirio inasalimika. Balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, endelea. Yangu ilififia. Nikapima kwa mita. Mahali panapotakiwa volti ishirini na nne, sifuri. Transista imekufa. Haijiui. Nikatafuta, nikakuta kapasita jirani yake imekauka, ile ile aliyoibadilisha zamani, nayo imezeeka kama sisi. Nikabadilisha kapasita kwanza. Transista nilikuwa nayo ya asili, niliyoitoa kwenye amplifaya iliyokufa. Hizi mpya za madukani tahadharini, nyingi zimeandikwa namba juu tu, ndani mna transista ndogo ya kuonea huruma. Ikiwa nyepesi mno mkononi, iache.

Nikaweka maika yake Ndaki. Ile dawa nyeupe ya kupitishia joto nikapaka kidogo pande zote, kama siagi ya mtu bahili kwenye mkate. Nikakaza skrubu, si kwa hasira. Kabla ya kuwasha nikapima kati ya mwili wa transista na bati: hakuna mawasiliano. Hapo ndipo unawasha. Ndani ikalia tak, ule mlio wa swichi ya ndani kuruhusu spika, na sauti ikatoka. Mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa ya ziwa.

Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Stirio imepona, daraja lipo, jirani yangu ana gari na hana kazi. Ningekuwa Busisi kabla ya adhuhuri. Na maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga: Ndaki, niliifunga mimi. Nisamehe. Maneno machache tu hayo.

Nikajiambia, hapana. Pawa saplai hiyo. Siku tatu mezani. Safari hii nitaifuata kanuni ya Mzee, nimpelekee kazi iliyokamilika, asije akasema Shabani yule yule. Ilionekana heshima, na kwa kiasi ilikuwa heshima. Lakini nawaambia ukweli, nilikuwa nimepata kivuko kingine. Nilifurahi, moyoni nilifurahi kwamba zipo siku tatu kabla ya kumtazama usoni.

Siku ya pili mchana, Mbuke akapiga simu.

"Baba mdogo, redio vipi?"

"Imepona, mwanangu. Inalia vizuri."

"Alhamdu... samahani, nimezoea kwa majirani zetu Waislamu. Mungu ni mwema. Baba anasema uje."

"Nakuja nayo kesho kutwa asubuhi."

"Anasema uje wewe. Nimemwambia redio bado iko kwako, anasema basi, uje tu."

Nikasema, "Mwambie nakamilisha siku tatu. Yeye anaijua kanuni."

Nilimsikia akimwambia kwa sauti kubwa, sikioni: "Baba! Anasema siku tatu! Anasema unaijua kanuni!" Halafu akarudi kwenye simu.

"Ametikisa kichwa, baba mdogo."

"Amekubali au amekataa?"

"Ametikisa tu. Siku hizi hatumwelewi vizuri."

Nikachukulia kwamba amekubali. Mtu huchukua anachokitaka.

Siku ya tatu ilipotimia, nikaweka mkono kwenye bati. Moja, mbili, tatu. Lilikuwa vuguvugu tu, kazi safi, kazi ambayo Ndaki mwenyewe asingeitoa kasoro. Nilikuwa nimefika saba simu ikalia. Nilipoona jina la Mbuke nikajua. Sikumaliza kuhesabu.

Mniache niseme hapa, kisha nimalizie. Kanuni ya siku tatu ni ya redio. Ishikeni, ni kanuni nzuri, itawaepusha na moto. Lakini mtu si redio. Ukimkosea mtu hupati siku ya majaribio, nenda na maneno yako yakiwa hayajapoa, nenda hata yakiwa mabaya. Mimi nilipewa miaka, nikapewa daraja, nikaitwa kwa simu. Wangapi mnaitwa kwa simu?

Jirani akanipeleka. Stirio niliipakia kiti cha nyuma, sikujua niifanye nini. Pale tulipokuwa tunasubiri kivuko nusu siku tulipita kwa dakika chache, maji chini yanang'aa, na kwa mara ya kwanza nikatamani safari ile iwe ndefu.

Msiba ulikuwa na watu wengi. Ndaki alikuwa amemtengenezea kila mtu kitu, nadhani. Wanaume kwenye mabenchi chini ya turubai, kwaya ya kanisa lao inaimba taratibu. Walipoona boksi, vijana wawili wakalipokea, wakalipeleka ndani na kuliweka mahali pake, kwenye meza yenye kitambaa cha kudarizi. Hakuna aliyeliwasha. Nikaomba kumwona mjane.

Mama Mbuke alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nikapiga magoti, na magoti yangu haya si ya kupigwa. Nikampa pole. Halafu nikasema yote, mbele ya wale wanawake: nailoni, harusi, Mzee, "niliikuta imefungwa." Sikuacha kitu. Nikasema na lile la kofia kwenye gari. Wengine waliacha kulia wakawa wananitazama. Mbuke alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, akaiweka chini.

Mama Mbuke alinisikiliza mpaka mwisho. Akavuta pembe ya kanga yake.

"Nimekusikia, shemeji," akasema. "Lakini neno hili halikuwa la kwangu. Mwenyewe siku mbili hizi alikataa kulala kitandani. Tulimkalisha kwenye kiti, akatuonyesha tumgeuze aelekee mlangoni."

Kisha akamwita Mbuke, akamwambia aniletee chakula, baba yake mdogo ametoka mbali. Akaniletea ugali na samaki. Nilinawa, nikakaa, nikala, na miiba nikaitoa mwenyewe, mmoja mmoja, watu wote wale wakinitazama.